Siku Moja Bali: Mto, Kima na Hekalu la Maji

Ukifika kisiwa cha Bali, nchini Indonesia, kitu cha kwanza utakachouziwa si kinyago wala kitambaa cha batiki. Utauziwa siku. Kila kona ina ubao wenye picha, na katika ubao huo siku nzima imekatwa mafungu kama nyama buchani: asubuhi mto, adhuhuri wanyama, alasiri hekalu. Bei moja, gari moja, kiongozi mmoja, na jioni unarudishwa pale pale ulipochukuliwa. Sisi wa Mwambao hatuhitaji kuelezwa biashara hii. Watoto wetu wangapi wanakula kwa kuwapeleka wageni Tsavo alfajiri na kuwarudisha Diani magharibi? Tofauti ni kuwa safari hii mgeni nilikuwa mimi.

Nilikuwa Surabaya, katika kisiwa cha Java, kwa jamaa zangu wa asili ya Hadhramaut wanaoishi mtaa wa Ampel. Msomaji asistaajabu. Masharifu wale wale waliokuja Lamu, Mombasa na Ngazija ndio hao hao waliokwenda Java na Sumatra, na ukoo mmoja waweza kuwa na kaburi la babu Tarim, ami Lamu na bin-ami Surabaya. Maulidi ya Barzanji husomwa huku na husomwa kule. Madhehebu ya Imamu Shafii ndiyo yafuatwayo huku na ndiyo yafuatwayo kule. Kijana mmoja wa nyumba ile, aliyekuwa akiniita "ami" kama ambavyo angeniita lau angezaliwa Kibokoni, ndiye aliyesema, "Ami, usirudi Mombasa hujaiona Bali." Basi tukavuka.

Bali imetengwa na Java kwa mlango mwembamba wa bahari, na feri huuvuka kwa muda usiotimia saa nzima. Ni kisiwa kikubwa zaidi ya mara tatu ya Unguja, chenye watu zaidi ya milioni nne. Indonesia ina Waislamu zaidi ya milioni 200, lakini katika Bali Waislamu ni kiasi cha mmoja katika kila watu kumi. Walio wengi ni Mabaniani, na dini yao wameishika kwa karne nyingi huku visiwa vya jirani vikisilimu kimoja baada ya kingine. Kwa hivyo anayetoka Java kwenda Bali huvuka zaidi ya maji.

Hilo la hekalu lilinikaa rohoni kabla ya safari. Nalimwuliza shekhe mmoja wa pale Ampel kama yafaa. Akanijibu kuwa maulamaa wamehitilafiana juu ya kuingia katika nyumba za ibada za wengine, kisha akasema neno ambalo lilinitosha: kutazama si kushiriki, na wewe mwenyewe utajua mpaka uko wapi utakapoufikia.

Chini bondeni

Mto Ayung ndio mrefu kuliko yote ya Bali, kiasi cha kilomita 68 hivi. Huanzia milimani na kumwaga baharini karibu na Sanur. Katika wilaya ya Ubud umechimba bonde refu lenye kuta za mawe na mimea iliyoning'inia, na ili kuufikia unateremka ngazi mamia, moja baada ya moja, na kafi lako begani. Huko chini ndiko kuliko na vyelezo vya mpira vilivyojazwa upepo. Umevishwa kofia ngumu na koti la kuelea, unaketi ukingoni si ndani, na miguu unaikaza chini ya mkunjo wa mpira. Mkondo ukikutupa, ulitupwa kwa kuwa hukuikaza.

Kiongozi wetu alikuwa kijana mwembamba wa kimo, mzaliwa wa pili kwao. Nalijua hilo kabla hajanieleza, kwa maana Wabali huwapa watoto majina kwa mpango wa kuzaliwa: wa kwanza lake, wa pili lake, wa tatu na wa nne vivyo hivyo, na wa tano huanza tena upya. Ukimwita mtu jina lake umekwisha kujua ana wakubwa wangapi. Yeye alikaa tezi na kutoa amri. Akitaka tupige makafi kwenda mbele hulia, "Maju! Maju!" na mimi kila mara nikasikia "maji, maji," na maji kweli yakatujia usoni. Kijana wetu alicheka hata kafi likamponyoka.

Si mto wa kutisha huo, ingawa ubao wa kule barabarani uliuchora kama radi. Kuna maporomoko madogo madogo, kuna mawe ambayo chelezo hugonga na kuzunguka kama pia, kisha kuna vipande virefu vya maji matulivu ambapo unasikia ndege tu. Sisi pia tuna mto wa namna hiyo bara, pale Sagana katika Mto Tana, na walioujaribu wanasema una nguvu zaidi. Lakini Ayung una raha yake. Familia za Kiislamu kutoka Java walitupita, akina mama na mitandio yao chini ya kofia ngumu, nguo ndefu zimelowa chapachapa, wakipiga makafi kwa bidii kuliko waume zao. Nimewaona wanawake wa kwetu wakikatazwa hata kuitia miguu yao baharini mchana, na nikaona vema niliandike hili.

Mahali fulani ukuta wa bonde umechongwa sanamu za hadithi ya Ramayana, kwa urefu wa kupita mbele yake dakika nzima. Wageni wengi hudhani ni za kale. Ni za siku hizi, kazi ya mahoteli. Kilichonishika mimi ni kitu kingine kisichopigwa picha na mtu: tundu jeusi katika jabali, kimo cha mtoto, na maji ya mto yakiingia humo kimya kimya. Nikamwuliza kiongozi maji yale yanakwenda wapi. "Shamba," akasema kwa lugha yake, akanyoosha kafi juu, kule tusikoweza kuona. Kumbe juu ya vichwa vyetu kulikuwa na mpunga, na mto tuliokuwa tukichezea ulikuwa unagawanywa.

Kima, fungo na kahawa

Katika mji wa Ubud, kijiji cha Padangtegal kina msitu wa kiasi cha hekta kumi na mbili, na ndani yake mna mahekalu matatu na kima zaidi ya elfu moja. Ni kima wa kijivu wenye mikia mirefu, na wajuvi kuliko binadamu wengi. Onyo la mlangoni ni kuwa usichukue chakula, usiwatazame machoni, na funga mkoba. Mbele yetu mama mmoja wa Kizungu alifunguliwa mkoba wake zipu na kima jike aliyempakata mwanawe kwa mkono mwingine, kwa ustadi wa mchopozi wa Marikiti.

Lakini hao wa Ubud ni wanafunzi. Walimu wako Uluwatu, hekalu la kusini lililo juu ya jabali la bahari. Huko kima huiba miwani, kofia na simu, kisha hukaa pembeni wangoje kukombolewa kwa chakula. Wataalamu waliowachunguza walitoa taarifa mwaka 2021 wakaeleza kuwa kima waliokomaa wameshajua vitu gani mwanadamu anavithamini zaidi, na huvishikia bei kubwa. Simu hairudi kwa njugu chache. Huu si wizi tena, huu ni mnada.

Nilichokipenda zaidi katika msitu ule ni hesabu yake. Mwenye msitu ni kijiji. Viingilio hukusanywa na kijiji, wafanyakazi ni watu wa kijiji, na msitu haukatwi kwa sababu ni mahali patakatifu pao. Hapo hapana budi mtu wa Pwani azikumbuke kaya za Wamijikenda, ambazo zilitiwa katika orodha ya turathi za dunia mwaka 2008. Nazo zilisalimika kwa sababu hiyo hiyo: wazee walikataza shoka. Na katika Kaya Kinondo, si mbali na Diani, mgeni haingii mpaka ajifunge kaniki nyeusi. Mbega wanaoruka juu ya barabara ya Diani kwa ngazi za kamba walizotengenezewa wangekuwa na raha zaidi lau tungebakiza misitu hiyo mingi kuliko tulivyobakiza.

Kwani Bali nayo imepoteza. Ilikuwa na chui milia wake, mdogo kuliko wote wa jamii yake. Wa mwisho anayejulikana kwa yakini aliuawa mwaka 1937. Hivi leo ubao wa barabarani unakuahidi tembo, na tembo kweli wapo, ila si wa kisiwa hicho. Walitolewa Sumatra, wakawa wakibebeshwa wageni migongoni. Mtu aliyemwona ndovu wa Tsavo, mwekundu kwa udongo, akiingia mtoni na watoto wake, hana haja ya kumpanda mwenzake aliyefungwa. Tulikipita kituo hicho bila ya kushuka.

Tukashuka penye kahawa. Hapo hufugwa mnyama wa jamii ya fungo, yule tunayemjua huku kwa zabadi ambayo bibi zetu walitia katika manukato. Wa kule kazi yake ni kula buni mbivu. Nyama ya tunda humsagikia tumboni, kokwa hutoka nzima katika kinyesi, huokotwa, huoshwa, hukaangwa, na kahawa yake huuzwa kwa bei ya kuchekesha. Najua msomaji anauliza nini. Baraza la Maulamaa la Indonesia lilitoa fatwa juu ya jambo hilo mwaka 2010: kokwa ikiwa nzima imetiwa najisi nje tu, basi ikioshwa ni halali. Kijana wetu akanywa. Mimi nilimtazama fungo mwenyewe ndani ya tundu la waya lisilozidi kabati, akizunguka, akizunguka, mnyama ambaye porini huchagua mwenyewe tunda lililoiva zaidi, na nikaona kuwa fatwa imejibu swali la najisi tu. Nikaagiza chai.

Wali wa mama wa Java

Bali si mahali pa kula ovyo. Nguruwe wa kuokwa mzima ndiye chakula chao cha fahari, na harufu yake iko njia nzima. Lakini dereva akasimama mbele ya kibanda chenye maandishi ya kuwa ni cha Waislamu. Mwenyewe alikuwa mama wa makamo kutoka Java ya Mashariki. Nikatoa salamu, akaitika kwa sauti ya kusikika hata jikoni. Hatukuwa na lugha, ila tulikuwa na maneno: akaniuliza "kabar," nami nikajua ni habari, akasema "rezeki," nikajua ni riziki, akaniambia nisubiri kwa kutaja "sabar." Akanyoosha kidole kwenye kibendera cha karatasi cha nchi yao akasema "bendera," tukacheka sote wawili, kwa kuwa neno hilo sisi na wao tuliokota kwa Mreno mmoja.

Nyuma ya jiko palikuwa na chumba cha mikeka miwili. Tukaswali adhuhuri na alasiri pamoja, kwa kupunguza, kama ilivyo ruhusa ya msafiri. Ajabu ndogo: Mombasa tunaelekea kaskazini, pale tulielekea magharibi na kaskazini kidogo, na jua lilikuwa mbele ya uso.

Tulipokuwa tukila wali na tempe, maharage yao yaliyochachushwa na kukaangwa, mama yule alimwuliza kijana natoka wapi, kisha akauliza kama na sisi tulipata "ya mwaka ule." Usiku wa tarehe 12 Oktoba 2002 watu waliojiita wapigania dini walilipua mabomu Kuta, kusini ya kisiwa, wakaua watu 202. Alikuwa tayari ana kibanda. Alisema kwa miezi hakuna gari lililosimama, ya wageni kwa sababu hapakuwa na wageni, ya Wabali kwa sababu yeye alijifunga mtandio. Hawakumtukana, alisema. Walipita tu. Nikamwambia kijana amfasirie kuwa wiki saba hazikutimia, tarehe 28 Novemba mwaka huo huo, na sisi tulipigwa Kikambala, na kwamba waliokufa katika hoteli ile walio wengi walikuwa watu wetu wa Pwani waliokuwa wakiwapokea wageni, wengine ni wacheza ngoma. Mama akaweka sufuria chini. Akasema neno moja ambalo halikuhitaji mfasiri: "Musibah."

Ofisi ya maji

Tirta Empul iko Tampaksiring, kwenye miteremko ya katikati ya kisiwa. Maandishi ya kale yanautaja mwaka 962 kuwa ndio lilipojengwa. Hekalu lenyewe limejengwa juu ya chemchemi. Unaliona jicho la maji likichemka kutoka katika mchanga mweusi, safi kama kioo, kisha yanapita katika safu ya midomo ya mawe na kumwagika katika vidimbwi, ambamo watu hujipanga wakainamisha vichwa chini ya mdomo mmoja baada ya mwingine.

Mlangoni hapiti mtu aliyeacha miguu wazi. Wasio na nguo huazimwa saruni na mshipi. Mimi nilikuwa na kikoi changu cha Mombasa. Mzee wa lango aliushika upindo, akaugeuza kuangalia ufumaji, akaridhika, akanifunga mshipi tu. Ubao uliopo pale unawaambia wanawake walio katika siku zao wasiingie. Mtu wa kwetu akiusoma hashangai. Nikawaza juu ya magofu ya misikiti yetu ya kale, mihrabu bado imesimama, na mgeni akajiegemeza hapo na kaptura yake kupigwa picha. Si kosa la mgeni. Hakuna aliyemnyooshea leso.

Ndani ya vidimbwi nusu ya watu ni Wabali wenye kuabudu kwelikweli, na nusu ni watalii wanaofuata mstari, wakichungulia simu zao. Kijana wetu akaniangalia. Nikatikisa kichwa. Maji yale kwa wenyewe ni ibada, si kuoga, na hapo ndipo ulipokuwa ule mpaka alioutaja shekhe. Nadhani hata wenyewe tuliwaheshimu zaidi kwa kusimama kando.

Lakini jambo lililonifanya niandike makala haya liko chini ya hekalu, ambako mabasi hayasimami. Maji yakitoka vidimbwini huingia mtoni, Mto Pakerisan, na kutoka hapo mashambani. Wakulima wa mpunga wa Bali wamejifunga katika vyama viitwavyo subak, ambavyo historia yake inafika karne ya tisa, na mwaka 2012 mpango huo ulitiwa katika turathi za dunia. Kila subak ina hekalu lake la maji, dogo au kubwa, na juu ya yote lipo hekalu la ziwa la Batur. Mkutanoni ndiko kunakoamuliwa nani afungue mfereji lini, nani apande na nani alaze shamba.

Katika miaka ya 1970 serikali ilileta mbegu mpya za mpunga na kuwahimiza wakulima wapande mfululizo, kila mtu kwa wakati wake, bila ya kungoja kalenda ya mahekalu. Mwanzo mavuno yalipanda. Kisha maji yakagombaniwa, na panya na wadudu wakafurika. Mtaalamu wa Kimarekani, J. Stephen Lansing, aliyekaa na wakulima hao miaka mingi, akishirikiana na mwenzake James Kremer, waliuweka mpango wa mahekalu katika kompyuta wakaona ulivyokuwa na akili. Wa juu ya mto ana maji. Anaweza kumnyima wa chini. Lakini akimnyima, wa chini atapanda baadaye, na wadudu watakuwa na chakula mwaka mzima, wakitoka shamba la huyu kwenda la yule, mpaka wamrudie wa juu. Wakipanda pamoja na kulaza mashamba pamoja, wadudu hufa njaa. Basi wa juu hufungua maji kwa faida yake mwenyewe. Hekalu kazi yake ni kuwakutanisha na kutunza tarehe.

Wahandisi walikuwa wakilipita hekalu wakidhani ni mapambo. Hapo niliwakumbuka wakulima wa Hola, ambao mradi wao wa kumwagilia ulikwama Mto Tana ulipobadili njia mwaka 1989, na Wapokomo waliopanda mpunga wao kwa kufuata kupanda na kushuka kwa mto huo kabla ya mhandisi yeyote kufika na ramani.

Mpango wa Bali nao una adui mpya, naye ni ubao ule ule wa barabarani. Mashamba huuzwa yakajengwa nyumba za wageni, mahoteli huchimba visima virefu, na subak iliyokatwa katikati na ukuta haiwezi kufungua mfereji. Tangu Februari 2024 kila mgeni wa nchi za nje hutozwa rupia 150,000 akiingia kisiwani, fedha za kulinda mila na mazingira. Nililipa bila ya kunung'unika.

Tulikaa ukingoni mwa mfereji hata jua likapungua nguvu. Mkulima mmoja alikuwa akirekebisha gogo lililotiwa pengo la upana maalumu, ambalo hupima fungu la maji la kila shamba bila ya saa wala mita. Kijana wetu, ambaye hajafika kwetu, akaniuliza Mombasa maji tunayagawanaje. Nikamweleza kuwa yanatoka mbali, mengine Baricho kwenye Mto Sabaki, mengine chemchemi ya Mzima huko Tsavo, na kwamba nyumba nyingi mabomba huwa makavu kwa siku, hata tukanunua kwa mtungi kutoka kwa mwenye mkokoteni.

"Na nani huamua zamu, ami?"

Nikamwambia ni mwenye mkokoteni. Akadhani nafanya mzaha.